Utabiri wa Nyuma ya Mabati

Mimi ni mtu wa sinema. Ulizia Koboko mjini, hata watoto watakuonyesha: yule mama wa sambusa pembeni ya kibanda cha video, yule anayetabiri tuzo redioni. Jina langu ni Kiden, lakini tangu Obitre wa redio aniite Mama Sambusa hewani, jina la baba yangu limebaki kwenye kitambulisho tu. Sikukasirika. Jina la redioni limenipa heshima sokoni, na heshima naipenda, siwezi kuficha.

Miaka tisa nimetabiri Tuzo za Filamu za Mpakani, zile zinazokusanya filamu za Arua, za Koboko, za Kongo ya karibu na za upande wa Sudan Kusini. Miaka tisa sijakosea. Nikisema filamu fulani itashinda, inashinda. Nikisema mwigizaji fulani arudi kulima mihogo, anarudi kulima mihogo. Watu wananiheshimu kwa jicho langu. "Mama Sambusa ana jicho," Obitre husema kila mwaka kabla ya kusoma orodha yangu.

Jicho gani? Kwa miaka ishirini na mbili mimi sijaona filamu hata moja.

Nimezisikia. Jiko langu liko nyuma ya kibanda, ukutani kabisa, na mafuta ya moto hayaachwi peke yake. Zamani ukuta ulikuwa wa mikeka na kulikuwa na tundu, nilikuwa nachungulia. Kisha mwenye kibanda akaweka mabati mapya, tundu likaisha, na mimi nikabaki na masikio. Lakini sikuona hasara, kwa sababu ndani kulikuwa na Zéphyrin.

Zéphyrin ni mfasiri wa filamu, vijana wanasema vijei. Alivuka kutoka Kongo akiwa kijana, na mpaka leo anakaa kando ya skrini na kipaza sauti chake, anapunguza sauti ya filamu, anaongea yeye. Filamu iwe ya Kilugbara, ya Kilingala au ya Kichina, kwetu inatoka kwa Kiswahili cha Zéphyrin. Analia kwa niaba ya wanawake, anatukana kwa niaba ya majambazi. Mimi nikikunja sambusa nilikuwa naona kila kitu kichwani, na picha zangu, nakuambia kweli, zilikuwa nzuri kuliko zile za kwenye kitambaa chao. Watu walidhani huwa naingia mchana, kabla ya wateja. Sikuwahi kuwaambia kwamba naingia. Sikuwahi kuwaambia kwamba siingii.

Basi mwaka huu mwanangu Shamim akatajwa katika tuzo hizo. Ni binti wa kaka yangu Aliga, ana miaka ishirini na miwili. Kikundi cha Arua kilimchukua acheze filamu yao ya Kilugbara, filamu ya mjane kijana, na jina lake likatoka katika kundi la mwigizaji bora wa kike. Hapo hapo wakamwomba kwa filamu ya pili, ya miezi minne, wanaanza Jumatatu baada ya tuzo.

Aliga hakutaka. Mama yake Shamim alifariki miaka minne iliyopita, na kaka yangu anauza vipuri vya pikipiki pale karibu na kituo cha mafuta, peke yake. Alitaka binti yake akae dukani. Kwake mambo ya kamera ni utoto. Walizozana wiki mbili, yule anafunga mlango, huyu hali chakula. Ndipo mimi, na jicho langu, nikaingia katikati.

"Aliga," nilimwambia kwa Kiswahili chetu cha mpakani, "wacha tuzo naamua. Mtoto nashinda, naenda. Mtoto nashindwa, narudi duka, na maneno ya kamera naisha kabisa."

Alinigeukia. "Wewe iko nasema atashinda?"

"Mimi nasema."

"Basi. Wewe haikose. Neno ni neno."

Wakashikana mikono, baba na binti, mbele yangu. Kaka yangu mkono akishautoa haurudi. Mji mzima unajua. Shamim aliponisindikiza nje aliniambia kwa sauti ndogo, "Shangazi, kwa nini wewe nafanya hivi? Mwaka hii waamuzi ni wageni." Nikamcheka. Nilikuwa nimesikia filamu yake usiku mbili mfululizo. Kulikuwa na mahali pale makaburini, watu wote wamekwisha kuondoka, mjane amebaki peke yake, akasema maneno ambayo niliunguza sambusa kwa ajili yake. Nilijua. Moyo wangu ulikuwa shwari kama wa mtu aliyekwisha kuona matokeo.

Wanaita Usiku wa Tuzo, ingawa huanza saa nane mchana, maana watu wa Koboko na wa Maracha wanataka kurudi kwao mapema. Jumamosi hiyo tuliondoka kwenda Arua baada ya adhuhuri kwa gari la Aliga. Yeye aliendesha, Shamim mbele kwa gauni la kijani, mimi nyuma na Zéphyrin, aliyevaa koti la arusi ya mtu mwingine. Redio ilikuwa juu. Obitre alikuwa anarudia orodha yangu.

"Filamu bora, Mama Sambusa anasema ni ile ya Ariwara. Mwigizaji bora wa kiume, Dramadri. Kichekesho bora, ile ya polisi wawili. Muziki bora, ile ya Yei. Mwigizaji bora wa kike ni binti yetu wa Koboko, Shamim! Ndugu msikilizaji, huyu mama hajakosea miaka tisa!"

Aliga akapiga honi bure. Alikuwa anafurahi, masikini. Nadhani hata yeye alitaka ashindwe kwa heshima, mbele ya watu, tuzo imchukue binti yake, si yeye amwachie.

Tulipopita Maracha nilimwinamia Zéphyrin. "Leo wakionyesha pale makaburini," nilimnong'oneza, "pale nasema, 'Nyinyi nalia siku moja nakwenda, mimi nabaki na siku yote ingine,' watu ya Arua nalia mpaka basi."

Zéphyrin aligeuka akanitazama. Aliangalia mbele, kwa Aliga na Shamim, akarudi kwangu.

"Mama Kiden," alisema polepole, "wewe naona ile filamu?"

"Naijua yote."

"Nauliza naona. Na macho."

Nilijifanya natazama barabara. Akasogea karibu mpaka nikasikia harufu ya dawa ya nondo kwenye koti lake.

"Mama, pale mutoto hasemi kitu. Iko kimya. Dakika muzima kimya. Ni mimi natia ile maneno. Watu ya kibanda hapendi kimya, wanapiga miluzi, wanasema umeme nakufa. Nikaona mutu nasimama hasemi, nikatia."

"Yote?"

"Yote. Na mwaka hii waamuzi hapana kaa kwa kibanda. Zamani ni watu ya bibanda napiga kura, watu nasikia mimi kwa kanda yangu. Mwaka hii ni watu ya kutoka mbali, naona filamu hivi hivi tu. Bila mimi."

Nilihesabu kwa haraka, miaka tisa, jina kwa jina, na kila jina nililitaja kwa sababu ya sauti yake. Wapiga kura nao walikuwa wanasikia sauti hiyo hiyo. Kumbe miaka yote nilikuwa natabiri Zéphyrin atapendwa wapi zaidi, na watu wakasema nina jicho.

"Nyamaza," nilimwambia, ingawa alikuwa ameshanyamaza.

Ningesema pale pale. Gari lilikuwa na watu wanne tu, barabara nyeupe, ningesema, Aliga simamisha, nimekosea. Sikusema. Nilitazama kisogo cha kaka yangu na shungi la Shamim, na nilifikiria Obitre atasema nini Jumatano kwenye kipindi chake, na wale wanawake wa sokoni watasema nini, na nikakaa kimya mpaka Arua. Niliogopa aibu yangu kuliko nilivyoogopa maisha ya mtoto. Sijivunii.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Watu walinishika mkono njiani, "Mama Sambusa, karibu, leo tena!" Tulikaa safu ya nne, Aliga kulia kwangu, Zéphyrin kushoto, Shamim mwisho karibu na njia ili apate kutoka.

Walianza na kichekesho. Wale polisi wawili nilikuwa nimewacheka mpaka nikashika ubavu. Walipoonyesha kipande chake bila mfasiri, polisi wawili walikuwa wanatembea njiani wakisemezana juu ya bei ya mchele. Hakuna aliyecheka. Ikashinda filamu nyingine ambayo sikuiweka hata ya tatu.

Aliga akanigusa kiwiko. "Hii nakuwa nini?"

"Waamuzi wapya," nilisema. "Ngoja."

Mwigizaji wa kiume. Dramadri wangu, ambaye kwa sauti ya Zéphyrin alikuwa simba, alikuwa kijana mwenye sauti nyembamba, anasahau maneno yake na kumtazama mtu nyuma ya kamera. Alishindwa. Nyuma yetu mtu akasema kwa sauti ya kusikika, "Mama Sambusa leo nalala." Wakacheka. Filamu bora, nikakosa. Muziki nikapata, lakini muziki Zéphyrin huuacha kama ulivyo, kwa hiyo nilijua haukunisaidia kitu.

Aliga hakuniuliza tena. Alikuwa amekaa mbele ya kiti, mikono katikati ya magoti. Nilitaka kumwangalia Shamim na sikuweza. Nilikuwa nasali bila mpangilio, Mungu wangu, nisamehe mimi, usimhesabie yeye.

Wakafika kwa wanawake. Walitaja watatu. Kwanza Sidonie, mwanamke mkubwa wa Ariwara, akilia juu ya kitanda cha hospitali, sauti inapanda mpaka paa, ukumbi ukapiga makofi kabla hajamaliza. Kisha dada mmoja wa Yei. Kisha Shamim.

Nilimwona. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtoto wangu akicheza.

Si makaburini kama nilivyodhani, ni uani mwa nyumba, jioni. Matanga yameisha. Viti vya plastiki vimepangwa juu kwa juu, vumbi limekanyagwa na miguu mingi, hakuna mtu. Kuna turubai limelala chini, lile la kufunika waombolezaji. Mjane anatoka. Hatazami kamera. Anachukua ncha moja ya turubai, anatembea mpaka ncha ya pili, anakutanisha. Anapangusa majani. Turubai ni kubwa kwa mtu mmoja. Upande mmoja ukikaa sawa, mwingine unateleza. Anarudi, anauweka tena. Basi. Hiyo ndiyo yote.

Karibu nami Zéphyrin alifungua mdomo. "Nyinyi nalia," alianza kwa pumzi, kama alivyozoea, kisha akafunga mdomo akaushika kwa mkono.

Ukumbi ulinyamaza. Mahali fulani mtu mmoja akapiga mluzi, akanyamazishwa. Nilikuwa nimempenda kwa maneno ambayo hakuyasema, na lile alilolifanya kweli sikulijua kabisa, lilinipita nyuma ya mabati na moshi wa mafuta. Aliga alikuwa amevua kofia. Ameishika kifuani, anatazama skrini iliyokwisha kuwa nyeusi.

Wakafungua bahasha. Sidonie.

Watu wa Ariwara walisimama wakaimba. Shamim naye alisimama, akapiga makofi, akamkumbatia Sidonie alipopita. Aliporudi kukaa uso wake ulikuwa umetulia, mikono tu ndiyo haikujua iende wapi.

Tulitoka kabla ya hotuba. Jua lilikuwa bado lipo, linapiga vioo vya magari. Aliga alitembea mbele na funguo mkononi. Alifika kwenye gari akasimama, hakufungua.

"Haya," alisema bila kumtazama mtu. "Jumatatu duka nafungua saa mbili."

"Ndiyo, Baba," alisema Shamim.

Hivyo tu. Hakubisha, hakulia. Kama angelia labda ningenyamaza na mimi, ningemkumbatia, ningesema waamuzi ni wajinga, na Jumatano ningesema hivyo hivyo redioni na watu wangeniamini. Nilikuwa nimeshaandaa maneno. Lakini ile "Ndiyo, Baba" ilinishinda.

"Aliga, ngoja," nilisema. "Mimi iko na neno."

"Kesho."

"Sasa. Ile filamu mimi haikuona. Filamu yote, miaka ishirini na mbili, mimi haikuona. Mimi nakaa nyuma ya bati nasikia Zéphyrin. Ile maneno natia machozi kwa mimi, iko maneno ya Zéphyrin. Mtoto hasemi kitu. Leo kwa gari yeye naambia mimi, na mimi nanyamaza."

Kaka yangu aligeuka. Alimtazama Zéphyrin, ambaye aliangalia viatu vyake na kukubali kwa kichwa.

"Miaka tisa redioni," Aliga alisema.

"Miaka tisa."

"Na mimi natia mkono juu ya neno yako."

"Ndiyo maana nasema vunja. Ile neno haikuwa na kitu ndani. Kosa ni yangu, si ya mtoto. Jumatano mimi nasema kwa redio, watu wote nasikia. Lakini usifungie yeye kwa duka kwa sababu ya kosa yangu."

Alikasirika. Nimemjua tangu anatambaa. Akikasirika masikio yanarudi nyuma. "Wewe nacheza na nyumba yangu," alisema. "Nacheza na mtoto yangu kwa kitu haioni." Nilisema ndiyo. Alisema tena, kwa nguvu zaidi, na watu wa gari la pili wakatugeukia, na mimi nikasema ndiyo tena. Nilikuwa nalia sasa.

"Mkono imeshatoka," alisema Aliga mwishowe. "Neno ni neno."

Akaweka ufunguo mlangoni. Hakuuzungusha. Alisimama hivyo, mkono kwenye ufunguo, mgongo kwetu.

"Shamim," alisema. "Ile turubai. Nani nafundisha wewe?"

"Hakuna mtu, Baba."

"Mwenye filamu?"

"Yeye nataka mimi nalia. Mimi nakataa. Mimi naambia yeye, wacha nafanya kitu naona." Alisita. "Ile siku ya Mama. Watu yote nakwenda. Mimi iko kwa dirisha. Naona wewe nakunja turubai ya msikiti, peke yako. Halafu shangazi naita mimi kulala."

Nilimwita kweli. Nilikuwa nimechoka, nataka watoto walale. Sikuangalia nje.

Aliga alizungusha ufunguo, mlango ukafunguka, hakuingia.

"Wewe nakosa," alisema.

"Baba?"

"Pale kwa filamu. Wewe nakunja mara moja tu. Mimi nakunja, nafungua. Nakunja, nafungua. Mara tatu, mara nne." Alipangusa kioo cha gari kwa kofia yake, ingawa kilikuwa safi. "Kwa sababu kama turubai naisha, mimi lazima naingia nyumba."

Shamim alimwendea akasimama karibu naye, bila kumgusa.

"Hii filamu ya Jumatatu," Aliga alisema, akiutazama ule mlango ulio wazi, "usifanya haraka."